Wagyu, Angus au Boran: kuchagua mbegu kwa ajili ya mafuta laini ya nyama

Mwenye ranchi ya ng'ombe wa Boran anayetaka kuuza nyama kwa hoteli hufika mahali pa kuamua: apandishe kwa mbegu ya Wagyu (ng'ombe wa Japani), ya Angus (wa Uskoti), au abaki na dume la Boran na kuchagua ndani ya kundi lake. Siku hizi limeongezeka la nne. Muuza mbegu anakuja na cheti cha vinasaba kinachosema fahali wake ana "jeni ya mafuta laini", na bei ya mrija wa mbegu inapanda kwa sababu ya karatasi hiyo. Hapa tunazilinganisha njia hizo, pamoja na ile isiyohitaji mbegu yoyote, yaani lishe.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo katalogi nyingi huyachanganya. Kuna wingi wa mafuta ndani ya msuli, yale madoa meupe yanayoonekana sarara ikikatwa. Na kuna muundo wa mafuta hayo: yamejengwa na asidi za mafuta zipi, na kwa hiyo yatayeyuka kwenye joto gani. Fahali anaweza kurithisha wingi bila ulaini, au ulaini bila wingi. Boran wa malishoni ana mafuta machache ndani ya nyama, mara nyingi asilimia 1 hadi 3 tu, lakini mafuta yake ya nje si magumu kama wengi wanavyodhani. Ukinunua mbegu kwa kigezo kimoja huku mteja wako analipia kingine, miezi 9 ya mimba na miaka miwili na ushei ya kukuza ndama imekwenda bure.

Ulaini unatoka wapi

Ng'ombe haweki mafuta mwilini kama alivyoyala. Majani mabichi yana asidi nyingi zisizoshiba, yaani zenye nafasi ya kuongezwa hidrojeni, lakini vijidudu vya tumbo la kwanza huzishibisha kwa hidrojeni, na sehemu kubwa hutoka humo zikiwa asidi ya steariki. Steariki tupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 69 hivi za Selsiasi, palmitiki kwenye 63, na oleiki kwenye 13 hadi 16. Mafuta yaliyojaa steariki ndiyo yale yanayoganda sahanini kabla mlaji hajamaliza na kumwachia utando kwenye kaakaa.

Kinachobadilisha hali hiyo ni kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe za mafuta za ng'ombe mwenyewe, kinachojulikana kwa herufi SCD. Huondoa hidrojeni mbili kwenye steariki na kuifanya oleiki. Palmitiki nayo huigeuza palmitoleiki, na asidi ya vakseni inayotoka tumboni huigeuza kuwa CLA, asidi nyingine isiyoshiba. Kwa hiyo ulaini wa mafuta ya ng'ombe hutegemea zaidi kasi ya kimeng'enya hiki kuliko mafuta yaliyokuwamo kwenye majani. Kasi hiyo huendeshwa na jeni, umri, lishe, na pia sehemu ya mwili. Mafuta ya figo ndiyo magumu kuliko yote. Ya kidari ndiyo laini kuliko yote. Mchinjaji yeyote anayajua haya kwa vidole, ila ripoti za mauzo huyasahau: takwimu ya kidari cha Wagyu ikiwekwa kando ya takwimu ya sarara ya Boran si ulinganisho, ni biashara.

Kipimo rahisi cha kazi ya SCD ni hiki: gawanya oleiki kwa jumla ya oleiki na steariki, kisha zidisha kwa 100. Sampuli yenye oleiki 36 na steariki 16 inatoa 69. Yenye oleiki 50 na steariki 10 inatoa 83. Namba hii inafaa kuliko kutazama oleiki peke yake, kwa sababu inaonyesha kiasi gani cha malighafi kimegeuzwa.

Jeni zenyewe

Kila ng'ombe ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Herufi ni vijenzi vya DNA vinavyoiandika jeni, na introni ni kipande cha jeni kisichotumika kujenga protini. Hizi ndizo jeni zinazotajwa zaidi kwenye vyeti:

| Jeni | Kromosomu | Kazi | Kinachopimwa | Matokeo yanayotarajiwa |
|---|---|---|---|---|
| SCD | 26 | Hugeuza steariki kuwa oleiki | Asidi amino ya 293: alanini au valini | Alanini: oleiki zaidi, mafuta huyeyuka mapema |
| FASN | 19 | Hujenga palmitiki na kuukata mnyororo | Herufi ya 17924: A au G | GG (nakala zote mbili G) katika Angus: miristiki na palmitiki (asidi zilizoshiba) pungufu, oleiki zaidi |
| SREBP1 | 19 | Huwasha SCD na FASN | Herufi 84 zipo au hazipo kwenye introni ya 5 | Nakala fupi: mafuta laini zaidi |
| DGAT1 | 14 | Hufunga asidi ya tatu kwenye gliseroli | Asidi amino ya 232: lisini au alanini | Hugusa wingi zaidi kuliko ulaini, katika nyama matokeo hayalingani |
| MSTN | 2 | Huzuia msuli usizidi | Katika Belgian Blue, herufi 11 zimekosekana | Msuli mkubwa, mafuta kidogo sana |

SCD ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Badiliko lake liliripotiwa mwaka 2004 katika ng'ombe weusi wa Japani, na tangu hapo limepimwa katika koo nyingi. Linasisimua kwa sababu maana yake ya kikemia inaeleweka: jeni inatengeneza kimeng'enya, kimeng'enya kinatengeneza oleiki. Lakini angalia ukubwa wa tofauti. Kati ya mwenye alanini mbili na mwenye valini mbili, tarajia pointi moja hadi mbili hivi za asilimia kwenye jumla ya asidi zisizoshiba. SREBP1 nayo iko karibu na hapo. Hizo si pointi za kumfanya mpishi aone tofauti kwa jicho.

FASN inahitaji uangalifu wa pekee. Katika Angus kinachopimwa ni herufi ya 17924. Katika utafiti wa Wajapani yalitumika mabadiliko mengine, kwenye asidi amino za 1950 na 1955. Cheti kinachosema tu kwamba "FASN ni nzuri" bila kutaja nafasi, nakala mbili za mnyama, na koo ambayo kipimo kilithibitishwa, hakina thamani. Kirudishe.

DGAT1 tunaiweka hapa ili usiilipie. Katika zebu, yaani ng'ombe wenye nundu kama Boran, nakala ya lisini imeenea kiasi kwamba karibu kila mnyama anayo. Ukipima kundi la Boran utapata jibu lilelile kwa karibu wote, na pasipo tofauti hapana cha kuchagua. Ipo pia alama ya TG5 kwenye jeni ya thairoglobulini, moja ya za kwanza kuuzwa kibiashara kwa ajili ya mafuta ya ndani ya nyama. Majaribio yaliyofuata hayakupatana: baadhi yaliona tofauti, mengine hayakuona kitu. Ukiiona kwenye cheti leo, ujue muuzaji ametoa karatasi ya zamani.

Jeni moja, chipu nzima, au kupima nyama

Zana za kumchagua fahali ni tatu, na zinatofautiana kwa gharama na kwa ukweli.

Kupima jeni moja moja ndiko kwa bei nafuu. SREBP1 kwa mfano inahitaji PCR (njia ya kuzidisha kipande cha DNA) na jeli tu, kwa sababu nakala fupi na ndefu zinaachana kwa herufi 84 na zinaonekana kama mistari miwili tofauti. Faida yake kubwa ni uhakika wa hesabu: fahali mwenye alanini mbili atampa kila ndama alanini moja, bila kubahatisha, mwenye alanini moja na valini moja atawapa nusu ya ndama. Udhaifu wake ni kwamba unadhibiti sehemu ndogo ya jambo. Muundo wa mafuta unaongozwa na jeni nyingi, nyingi zikiwa na athari ndogo mno.

Chipu ya vinasaba husoma maelfu ya alama kwa pamoja; ile ya kawaida ina alama elfu 50 na kitu. Kompyuta huzipima alama hizo dhidi ya kundi la rejea, yaani wanyama ambao vinasaba vyao na nyama yao vyote vilishapimwa, kisha hutoa makadirio ya ubora ambao fahali atarithisha. Kwa Wagyu na Angus njia hii ni bora kuliko jeni moja, na SCD na FASN zinakuwa zimehesabiwa humo ndani. Tatizo linaanza ukivuka koo. Alama nyingi za chipu si jeni yenyewe bali ni jirani yake, na ujirani huo katika Angus si ule wa Boran. Makadirio yaliyotengenezwa kwa Angus yakitumiwa kupanga Boran wako hushuka usahihi sana. Na kundi la rejea la maana linahitaji maelfu ya wanyama waliopimwa mafuta, jambo ambalo ranchi moja haiwezi kulifanya peke yake.

Kupima nyama ya watoto wa fahali ndiyo njia ghali na ya polepole, lakini ndiyo inayojibu swali lako mwenyewe, kwa malisho yako na joto lako. Sifa hii hurithiwa vizuri: makadirio mengi ya oleiki yako kati ya kiwango cha wastani na cha juu, na katika ng'ombe weusi wa Japani ni ya juu hasa. Kwa hiyo watoto 15 hadi 20 wa fahali mmoja, waliolishwa pamoja na kuchinjwa kwa umri mmoja, wanatoa picha ya kuaminika.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutaka kuthibitisha jeni moja kwa wanyama kumi. Tuseme tofauti ya kawaida kati ya mnyama na mnyama kundini ni pointi 2.5, na jeni inaleta pointi 1. Ili uione kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu unahitaji wanyama wapatao 98 kila upande. Mwenye kumi na kumi ataona chochote anachotaka kuona.

Japani yenyewe inajua hili. Huko mkoa wa Tottori una chapa ya nyama inayodai oleiki isiyopungua asilimia 55, kutoka ukoo wa fahali Ketaka, aliyeng'ara kwenye maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya Wagyu mwaka 1966. Mkoa wa Nagano nao unaipima oleiki pamoja na wingi wa mafuta kabla ya kutoa muhuri wake. Kwenye maonyesho ya mwaka 2022 huko Kagoshima liliwekwa kundi maalumu la kushindania ubora wa mafuta. Katika mifano yote hii mzoga hupimwa wenyewe, kwa mashine ya mwanga wa infraredi inayoshikwa mkononi. Hakuna anayepewa muhuri kwa cheti cha jeni.

Koo kwa koo

*Wagyu.* Hakuna koo nyingine ya nyama inayounganisha wingi na ulaini kwa kiwango hiki. Sarara inaweza kuvuka asilimia 30 za mafuta, na oleiki kufika 50 na zaidi. Ndama huzaliwa wadogo, jambo linaloifanya mbegu hii ifae kwa mitamba inayozaa mara ya kwanza. Hasara zake ni nzito vilevile: ukuaji wa polepole, maziwa kidogo, na ulaji wa nafaka kwa muda mrefu. Japani ng'ombe mweusi huchinjwa akiwa na miezi 28 hadi 30. Chotara wa Wagyu na Boran aliyeachwa malishoni tu hadi mwisho atakupa nyama ya kawaida yenye jina kubwa.

Katika katalogi za nje ya Japani utakutana na maneno mawili yanayokaribiana. Mnyama wa asili kamili ni yule ambaye ukoo wake wote unarudi Japani bila kuchanganywa. Mnyama aliyepandishwa daraja kwa vizazi vinne kutoka koo nyingine huhesabiwa "safi" akifika sehemu 15 kwa 16. Wote wawili wanaitwa Wagyu, lakini usilipe bei ya wa kwanza kwa wa pili. Tazama pia ukoo. Tajima wa Hyogo ni wadogo na wanasifika kwa mafuta ya ndani; ukoo wa Ketaka, ambao katalogi za Australia huuandika Kedaka, ni wa umbo kubwa na ukuaji bora zaidi. Kwa majike wa Boran, fahali wa damu ya Kedaka kwa kawaida ana mantiki zaidi, kwa sababu uzito ndio utakaokulipa kwanza.

Wagyu wa nje ya Japani wametokana na wanyama wachache: mafahali wanne walioingia Marekani mwaka 1976, kisha wengine wa miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo katalogi huorodhesha magonjwa ya kurithi kwa vifupisho kama B3, CHS, CL16 na F11, na kuonyesha kama fahali ni msafi au mbebaji. Kwa chotara wa kizazi cha kwanza anayekwenda machinjioni hili si tatizo, maana ndama anahitaji nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Ukiwabakiza majike chotara na kuwapandisha tena kwa Wagyu mwingine mbebaji, hapo ndipo ndama wanaanza kufa. Amua mapema.

*Angus.* Huyu ni wa kati, na kwa ranchi nyingi ndiye jibu la busara. Hunenepa mapema, huweka mafuta ndani ya nyama kwa nafaka ya miezi michache, na oleiki yake ni nzuri ingawa haifiki ya Wagyu. Uteuzi wake umekomaa: makadirio ya urithi wa mafuta ya ndani ya nyama yapo kwa maelfu ya mafahali, na mbegu hupatikana kwa urahisi. Angalia kwamba makadirio hayo ni ya *wingi*. Fahali wa Angus mwenye alama za juu za mafuta ya ndani atakupa pia oleiki zaidi kwa sehemu fulani, kwa sababu mafuta yakiongezeka ndani ya msuli uwiano wa oleiki hupanda, lakini hiyo ni faida ya pembeni tu. Manyoya meusi ni mzigo kwenye jua kali la nyanda za chini. Angus mwekundu anapunguza tatizo bila kubadilisha mafuta.

*Boran.* Anadharauliwa isivyostahili. Tafiti zilizolinganisha zebu na koo za Ulaya zilionyesha kwamba mafuta ya chini ya ngozi ya zebu yana asidi zisizoshiba nyingi zaidi na huyeyuka mapema kuliko ya Hereford. Anachopungukiwa Boran ni wingi ndani ya msuli. Uzuri wake ni kwamba jike wa Boran anabeba mimba, anastahimili kupe na ukame, na analea ndama kwenye nyasi ambazo Angus halisi angekondea. Ukichagua ndani ya Boran, chagua kwa wingi kwanza: pima kwa mashine ya mawimbi ya sauti kati ya mbavu ya 12 na ya 13, kwa wanyama wa umri mmoja waliokula pamoja. Maendeleo ni ya polepole, ila kila hatua inabaki kundini.

*Charolais, Limousin, Belgian Blue.* Tunawataja ili wasichaguliwe kwa kazi hii. Ni ng'ombe wa msuli. Belgian Blue mwenye nakala mbili mbovu za MSTN ana mafuta machache mno, na ripoti ya maabara itaonyesha asilimia *kubwa* ya asidi zisizoshiba za aina nyingi. Wengine wakiiona husema mafuta yake ni bora. Hapana: mafuta ya akiba yakiisha, kinachobaki kwenye kipimo ni utando wa chembe, ambao kwa asili yake una asidi hizo nyingi. Kosa hilohilo hufanywa kwa ng'ombe aliyekonda wakati wa kiangazi. Usilinganishe muundo wa mafuta ya wanyama wenye wingi unaopishana sana bila kutaja wingi huo kando yake.

Lishe dhidi ya jeni

Swali la haki: kama jeni moja inaleta pointi moja au mbili, je, chakula? Kinaleta zaidi, na haraka zaidi. Nyasi huongeza omega-3 na CLA lakini hubakiza steariki nyingi. Nafaka kwa muda mrefu huongeza oleiki, kwa sababu mnyama anajenga mafuta yake mwenyewe na SCD inaamka kadiri anavyonenepa. Mteja wa afya anayetaka omega-3 na mteja wa hoteli anayetaka mafuta yanayoyeyuka mdomoni hawatoshelezwi na mzoga mmoja.

Kuna mtego wa mashudu. Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua hubaki na mafuta mengi, na wanenepeshaji huyatumia wakiamini mafuta laini ya mbegu yataingia nyamani. Sehemu kubwa hushibishwa tumboni, na zile asidi zinazopenya huizima SREBP1, nayo SREBP1 ikizimwa SCD inapungua. Unalipia mafuta na unapata kimeng'enya kilicholala. Mafuta yote kwenye chakula yasizidi asilimia 6 ya kitu kikavu, la sivyo hata usagaji wa nyasi tumboni unavurugika.

Nafaka nayo iingie taratibu, wiki mbili hadi tatu za kuzoesha. Ikiingia ghafla tumbo linapata asidi kali, mnyama anaacha kula, na vijidudu vinabadili njia na kutoa aina ya CLA inayozuia utengenezaji wa mafuta na kazi ya SCD. Mnyama mwenye nakala bora za SCD, FASN na SREBP1 atatoa mafuta ya hovyo akilishwa hivyo.

Neno moja kuhusu rangi. Mafuta ya njano si lazima yawe laini, na meupe si lazima yawe magumu. Njano hutoka kwenye karotini ya majani. Ipo hata jeni nyingine kabisa, BCO2, inayoongeza njano ikiharibika. Mteja akilalamikia njano, mweke mnyama kwenye nafaka kwa muda. Usikimbilie kubadili fahali.

Sampuli: mahali ambapo kazi nyingi huharibikia

Kwa vinasaba, ng'oa nywele 30 hadi 40 za mwisho wa mkia *pamoja na mizizi*. Nywele zilizokatwa kwa mkasi hazina kitu, kwa sababu DNA inayotumika iko kwenye mzizi. Zisiwe na kinyesi wala maji. Zihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu hukuza ukungu. Kwa ndama wachanga mizizi ni myembamba, hivyo kipande cha sikio kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia ni bora. Usitumie damu kwa mapacha: damu zao huchanganyika tumboni mwa mama, na utasoma jeni za ndugu yake. Andika namba ya hereni kabla ya kumwachia mnyama. Kupishanisha bahasha mbili ni kosa ambalo maabara haiwezi kulisahihisha.

Kwa nyama, kata kipande cha gramu 20 hivi cha msuli wa mgongo usawa wa mbavu ya 12 na 13, ondoa mafuta yote ya nje na yale yaliyo kati ya msuli na msuli, funga bila hewa na gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri siku hiyohiyo. Mafuta kidogo ya nje yakibaki yataharibu matokeo, hasa kwa Boran ambaye ya ndani ni machache. Iambie maabara itoe asilimia ya mafuta ndani ya nyama pamoja na orodha ya asidi: miristiki, palmitiki, palmitoleiki, steariki, oleiki, linoleiki na linoleniki angalau. Ripoti yenye "jumla ya zisizoshiba" tu haikusaidii.

Kwenye uhimilishaji wenyewe, jeni nzuri inafia kwenye maji ya moto yasiyopimwa. Mrija hutolewa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri na kuyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, ukaushwe, na utumike mara moja. Zebu huonyesha joto, yaani dalili za kutaka kupandwa, kwa muda mfupi na mara nyingi usiku; wengi wanaodhani mbegu ya Wagyu "haishiki kwa Boran" wamechelewa tu kuliona joto. Kulinganisha joto la kundi kwa homoni kunapunguza tatizo, mradi majike wawe na hali nzuri ya mwili.

Tungechaguaje

Mwenye hoteli au duka maalumu linalolipa kwa madoa ya mafuta, aliye na nafaka ya kutosha kwa miezi 10 au zaidi: Wagyu wa damu ya Kedaka juu ya majike wa Boran, chotara wote waende machinjioni. Cheti cha SCD akiangalie mwishoni kabisa, pale mafahali wawili wanapolingana kwa kila kingine.

Mwenye nafaka ya miezi mitatu hadi minne na soko la nyama nzuri isiyo ya anasa: Angus, mwekundu kama yuko nyanda za joto, achaguliwe kwa makadirio ya mafuta ya ndani na uzito. Kipimo cha FASN kisimwongezee bei.

Mwenye nyasi tu: abaki na Boran, aanze kupima kwa mawimbi ya sauti, na fedha ambayo angenunulia mirija ya Wagyu aitumie kwa maji na kuogesha. Kama mteja wake anataka ulaini, amuuzie kidari.

Na mwenye kundi kubwa, ranchi za vikundi au za kampuni zinazochinja mamia kwa mwaka, ana nafasi ambayo wengine hawana: kukusanya nywele za kila mnyama na sampuli ya nyama yake kwa namba ileile ya hereni. Kundi la rejea la Boran litajengwa na watu wa namna hiyo, na kabla halijakamilika chipu yoyote inayouzwa kwa Boran kwa ajili ya mafuta ni makadirio ya kuazima. Vituo vya taifa, cha Usa River kule Arusha na cha Kabete nchini Kenya, ndiko pa kuanzia kuuliza fahali yupi ana watoto waliokwisha kupimwa nyama. Jibu likiwa hakuna, omba mirija ya mafahali wawili, igawe kwa majike bila upendeleo, nusu kwa nusu, na uandike kila ndama kwa jina la baba yake tangu siku ya kuzaliwa.